Vizuri Kuliko Nini? Namna ya Kusoma Ulinganishi wa Makundi Katika Taarifa za Miradi



Miaka michache iliyopita tulipeleka kwa kamati moja ya parokia taarifa ya tathmini ya mradi wa mbegu. Wakulima walikuwa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata mbegu peke yake, la pili lilipata mbegu pamoja na mafunzo, na la tatu halikupata kitu mwaka ule kwa kuwa lilikuwa likisubiri zamu yake. Tulifanya hesabu kwa kompyuta, tukachapa jedwali na kuliambatanisha katika ukurasa wa mwisho. Tuliamini kwamba tumefanya kazi nzuri.

Kikao kilipofika kwenye jedwali, mama mweka hazina aliinua mkono. Jedwali lilikuwa na mstari wa "Mbegu na mafunzo" na mstari wa "Wasiopata". Mstari wa "Mbegu" haukuwepo. Akauliza, "Sadaka zetu zilinunua mbegu. Mbona kundi la mbegu mmeliondoa?" Mwenyekiti naye akaongeza lake: mstari wa wasiopata ulikuwa na alama ya kutoa mbele ya namba. Je, maana yake waliokuwa wakisubiri walivuna chini ya sifuri?

Hakuna aliyekuwa ameondoa kundi lolote, na hakuna aliyevuna chini ya sifuri. Lakini siku ile hatukuweza kueleza vizuri, na baadhi ya wajumbe waliondoka wakidhani kuna jambo tunalificha. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumeiachia kompyuta ijichagulie cha kulinganisha na nini, kisha tukachapa majibu yake bila kusema imechagua nini. Katika makala haya tunaeleza jambo hilo kwa utaratibu, kwa sababu majedwali ya namna hii yanazidi kuonekana katika taarifa zinazofika mezani kwenu, na kwa majedwali hayo fedha hutolewa au kuzuiwa.

Jedwali linatoka wapi?

Hesabu inayotumika inaitwa rigresheni. Ni njia ya kukadiria jinsi jambo moja, kwa mfano mavuno, uzito au kipato, linavyobadilika kufuatana na mambo mengine. Sisi tunaifanya kwa lugha ya kompyuta iitwayo R. Lugha hii ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na toleo lake namba 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Inatolewa bure, na ndiyo sababu mashirika yenye mfuko mdogo kama letu huipenda.

Kompyuta hufanya hesabu kwa namba tu. Mavuno ni namba, hayana shida. Lakini "Mbegu" ni jina la kundi, nalo jina huwezi kulizidisha kwa mbili. Kwa hiyo kabla ya hesabu kuanza, majina ya makundi lazima yageuzwe kuwa namba. Mpango wa kuyageuza ndio ambao wanatakwimu huuita kontrasti, yaani mpango wa kulinganisha makundi.

Mtu anaweza kufikiri kwamba yatosha kuyapa makundi namba 1, 2 na 3. Hapana. Ukifanya hivyo umeiambia kompyuta kwamba hatua ya kutoka kundi la kwanza kwenda la pili ni sawa kabisa na hatua ya kutoka la pili kwenda la tatu, na kwamba yote yamejipanga kwenye mstari mmoja. Hilo hatulijui. Ndilo tunalotaka kuchunguza.

Njia iliyozoeleka ni kutumia sifuri na moja. Kila kundi hupewa safu yake, na mkulima huandikiwa 1 kama yumo katika kundi hilo au 0 kama hayumo. Lakini makundi yakiwa matatu, safu mbili zinatosha. Ukijua kwamba mgeni hakuja kwa basi wala kwa baiskeli, na njia za kufika ni tatu tu, basi umeshajua kwamba alikuja kwa miguu. Vivyo hivyo mkulima mwenye 0 katika safu zote mbili ni wa kundi lililobaki. Kundi hilo lisilo na safu ndilo kundi la msingi. Halijatupwa, makundi mengine yote yanapimwa kutoka kwake, kama vile urefu wa nguzo unavyopimwa kutoka usawa wa ardhi.

Na nani huchagua kundi la msingi? Usipoagiza chochote, R huyapanga makundi kwa alfabeti na kulifanya la kwanza kuwa msingi. "Mbegu" hutangulia "Mbegu na mafunzo", na yote mawili hutangulia "Wasiopata". Hiyo ndiyo sababu pekee iliyofanya mstari wa mbegu usionekane. Hatukuwa na sababu ya kilimo wala ya fedha. Ilikuwa ni herufi tu.

Mfano wa vifaranga

Ili kila mmoja aweze kujihakikishia, tutumie takwimu ambazo zimo ndani ya R yenyewe na mtu yeyote anaweza kuzifungua. Zinaitwa chickwts, na zilichapishwa katika jarida la Biometrika mwaka 1948. Vifaranga waliotoka kuanguliwa waligawanywa bila upendeleo katika makundi sita, kila kundi likapewa chakula cha nyongeza cha aina yake. Baada ya wiki sita walipimwa uzito kwa gramu. Waliopimwa ni vifaranga 71. Wastani wa kila kundi ulikuwa hivi:

Alizeti (sunflower): 328.9
Kaseini, yaani protini ya maziwa (casein): 323.6
Unga wa nyama (meatmeal): 276.9
Soya (soybean): 246.4
Mbegu za kitani (linseed): 218.8
Maharage ya aina ya horsebean: 160.2

Sasa tunaiagiza R ifanye rigresheni ya uzito kwa kufuata aina ya chakula:

summary(lm(weight ~ feed, data = chickwts))

Kwa alfabeti ya Kiingereza, casein ndiyo ya kwanza. Kwa hiyo R inaifanya kaseini kuwa msingi na kutoa majibu haya:

Kianzio: 323.6
Maharage: −163.4
Kitani: −104.8
Unga wa nyama: −46.7
Soya: −77.2
Alizeti: +5.3

Namba ya kianzio ni wastani wa kundi la msingi, yaani kaseini. Namba nyingine si uzito wa vifaranga. Kila moja ni tofauti kati ya kundi hilo na kaseini. Soya ni −77.2 kwa sababu 246.4 ni pungufu ya 323.6 kwa kiasi hicho. Hapa ndipo lilipo jibu la mwenyekiti wetu: alama ya kutoa haimaanishi chini ya sifuri, inamaanisha chini ya msingi.

Kando ya kila mstari R huweka nyota pale ambapo tofauti ni kubwa kiasi kwamba si rahisi kuwa imetokea kwa bahati tu. Katika jedwali hili maharage, kitani na soya vina nyota tatu. Unga wa nyama una nyota moja. Alizeti haina nyota hata moja.

Tafadhali simameni hapo kidogo. Mjumbe akipewa jedwali hili peke yake, akapitisha macho kwenye nyota, anaweza kusema, "Alizeti haijaonyesha matokeo, tuiache." Kumbe alizeti ndiyo iliyotoa vifaranga wazito kuliko wote. Imekosa nyota kwa sababu moja tu: imelinganishwa na chakula kinachoifuata kwa karibu sana. Kukosa nyota hapa kunasema kwamba alizeti na kaseini hazijaonyesha kupishana. Hakusemi kwamba alizeti haifai.

Kubadili kundi la msingi

Tuseme kamati inafikiria wafugaji ambao tayari wanalisha soya. Swali lao la kweli ni hili: mfugaji akiacha soya akachukua chakula kingine, atapata nini zaidi au atapoteza nini? Basi soya ndiyo inayostahili kuwa msingi. Tunaagiza hivi:

chickwts$feed <- relevel(chickwts$feed, ref = "soybean")

Tukirudia hesabu ileile, majibu yanakuwa haya:

Kianzio: 246.4
Kaseini: +77.2
Maharage: −86.2
Kitani: −27.7
Unga wa nyama: +30.5
Alizeti: +82.5

Sasa alizeti ina nyota tatu. Unga wa nyama, ambao ulikuwa na nyota moja, hauna tena. Kitani, kilichokuwa na nyota tatu, nacho hakina tena. Mtu asiyejua anaweza kudhani kwamba tumechezea takwimu. Lakini hakuna kifaranga aliyeongezeka hata gramu moja. Wastani wa kila kundi ni uleule. Ukichukua 246.4 ukajumlisha 82.5 unapata 328.9 ya alizeti kama mwanzo. Sehemu ya tofauti za uzito inayoelezwa na aina ya chakula ni ileile, takribani asilimia 54. Kilichobadilika ni swali. Mara ya kwanza tuliuliza, "Kila chakula kinapishanaje na kaseini?" Mara ya pili tumeuliza, "Kila chakula kinapishanaje na soya?" Maswali mawili, majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli.

Kutokana na hayo tumejiwekea kanuni mbili. Kwanza, kundi la msingi liwe lile ambalo watu wako sasa hivi, au wale ambao hawajafikiwa na mradi. Pili, kundi la msingi liwe na watu wa kutosha. Kama msingi una watu watatu au wanne, wastani wake utayumba, na kwa kuwa kila mstari hupimwa kutoka kwake, jedwali zima litayumba pamoja nao.

Kulinganisha na wastani wa wote

Wakati mwingine hakuna kundi linalostahili kuwa msingi. Kwa mfano, vigango sita vinafanya mradi uleule, na haifai kukifanya kimoja kuwa kipimo cha vingine. Hapo tunaweza kulinganisha kila kundi na wastani wa makundi yote. Katika R mpango huu unaitwa contr.sum, na unaagizwa hivi:

lm(weight ~ feed, data = chickwts, contrasts = list(feed = contr.sum))

Kwa vifaranga wetu kianzio sasa kinakuwa 259.1. Huu ni wastani wa ile wastani sita, kila kundi likihesabiwa sawa. Si wastani wa vifaranga wote 71, ambao ni 261.3, kwa sababu makundi hayakuwa na idadi sawa. Kutoka hapo kaseini iko juu kwa 64.5, unga wa nyama juu kwa 17.8, soya chini kwa 12.7, kitani chini kwa 40.4 na maharage chini kwa 98.9.

Na alizeti? Haimo tena! Mpango huu pia unahitaji safu tano tu kwa makundi sita, na safari hii kundi linalokosa mstari ni la mwisho katika orodha. Zaidi ya hayo, R haiandiki majina; huandika feed1, feed2 na kuendelea hadi feed5, na msomaji lazima ajue ni nani ni nani. Namba ya alizeti inapatikana kwa kujua kwamba tofauti zote sita zikijumlishwa lazima zitoe sifuri. Kwa hiyo alizeti iko juu kwa 69.8. Anayeandika taarifa ana wajibu wa kukokotoa namba hiyo na kuiweka katika jedwali. Asimwachie msomaji kazi hiyo.

Kuuliza swali lenu wenyewe

Kamati inaweza kuwa na swali ambalo halimo katika mipango hii ya kawaida. Kwa mfano: je, vyakula vinavyotokana na wanyama ni bora kuliko vinavyotokana na mimea? Hapa tunachukua wastani wa kaseini na unga wa nyama, ambao ni 300.2, na kuulinganisha na wastani wa maharage, kitani, soya na alizeti, ambao ni 238.6. Tofauti ni gramu 61.7.

Swali hili huandikwa kwa uzani. Kila chakula cha wanyama kinapata nusu, kila cha mimea kinapata robo yenye alama ya kutoa. Uzani wote ukijumlishwa unatoa sifuri, na hiyo ndiyo alama ya ulinganishi halali: upande mmoja wa mizani unalingana na mwingine.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi. Mtu huchukua uzani huo na kuuweka moja kwa moja katika R, kwa mpangilio wa awali wa alfabeti:

contrasts(chickwts$feed) <- c(1/2, -1/4, -1/4, 1/2, -1/4, -1/4)

Kisha hufanya hesabu na kupata 82.2 badala ya 61.7. Nyota ni zilezile tatu, kwa hiyo hakuna kinachomshtua. Taarifa inatoka ikisema kwamba faida ni gramu 82, kumbe ni 62.

Sababu ni kwamba R haipokei uzani wa swali. Inapokea namba ambazo kila kundi litaandikiwa kabla ya hesabu. Umbali kati ya nusu na robo ya kutoa ni robo tatu. R hutoa jibu kwa kila hatua ya 1, nasi tumeipa hatua ya robo tatu, kwa hiyo imelikuza jibu. Dawa yake ni kuandika namba ambazo umbali wake ni 1 kamili: 2/3 kwa vyakula vya wanyama na −1/3 kwa vya mimea. Ukifanya hivyo unapata 61.7. Kama maswali ni mengi kwa pamoja, jedwali zima la uzani lazima ligeuzwe kwa hesabu ya matriksi kabla ya kupewa R, na kazi hiyo tumwachie mtaalamu. Kwetu sisi yatosha kipimo kimoja rahisi: chukua wastani wa makundi, toa kwa mkono, uone kama unapata namba ya kompyuta. Usipoipata, usisaini.

Angalizo jingine kwa fundi wa kompyuta: baada ya amri ya relevel hapo juu mpangilio wa makundi umeshabadilika, na uzani ungeangukia makundi yasiyo yake. Andika kwanza levels(chickwts$feed) uone nani ametangulia.

Hata jibu sahihi la gramu 61.7 linahitaji busara. Linasema kwamba kwa wastani vya wanyama vilishinda vya mimea. Lakini ndani ya kapu la mimea kuna alizeti yenye 328.9 na maharage yenye 160.2. Kamati ikinunua unga wa nyama kwa sababu ya jibu hili, itakuwa imekipita chakula kilichofanya vizuri kuliko vyote. Ukichanganya makundi katika kapu moja, hakikisha kwanza kwamba yanafanana.

Makundi yenye ngazi, na mambo mawili kwa pamoja

Makundi mengine yana mpangilio wake wa asili: hakuhudhuria, alihudhuria awamu moja, alihudhuria awamu mbili. Hapo swali zuri ni faida ya kila hatua juu ya hatua iliyotangulia. Katika R mpango huo unaitwa contr.sdif, nao umo katika kifurushi cha MASS. Angalieni kwamba R ikiambiwa kuwa makundi yana mpangilio, bila agizo jingine hutumia mpango uitwao contr.poly. Mistari yake huishia kwa herufi L, Q na C, ikieleza kama matokeo yanapanda kwa mstari ulionyooka au yanapinda. Mkiona herufi hizo katika taarifa, ombeni maelezo kwa maneno.

Jambo la pili linagusa sana miradi yetu. Mara nyingi tunataka kujua kama mafunzo yaliwasaidia wanawake na wanaume kwa kiwango sawa. Tunaandika jinsi kuwa "Ke" na "Me", na kuiambia R iangalie pia jinsi mambo hayo mawili yanavyochangamana. Kwa alfabeti Ke hutangulia, kwa hiyo wanawake ndio msingi. Mstari ulioandikwa "Mafunzo" katika jedwali la namna hiyo hausemi juu ya watu wote. Unasema juu ya wanawake peke yao. Faida kwa wanaume ni mstari huo ukijumlishwa na mstari wa mchangamano. Tumewahi kuona watu wakiusoma mstari huo kama faida ya mradi mzima. Kama mafunzo yaliwasaidia wanawake sana na wanaume kidogo, usomaji huo utaahidi mambo ambayo nusu ya washiriki hawakuyaona.

Tahadhari ya mwisho: swali litangulie jibu

Kwa kuwa kubadili msingi kunaweza kuleta nyota au kuziondoa, kuna kishawishi. Mtu anaweza kujaribu msingi huu, kisha ule, hadi nyota zionekane pale anapozitaka, halafu akachapa jedwali hilo peke yake. Makundi sita yana jozi kumi na tano. Ukizijaribu zote, uwezekano wa kupata nyota ya bahati tu unaongezeka. Tulisema kwamba unga wa nyama una nyota moja ukilinganishwa na kaseini. Uwezekano uliotajwa hapo ni 0.046, chini kidogo ya kikomo cha 0.05 kilichozoeleka. Lakini R ina amri ya TukeyHSD, inayozingatia kwamba jozi zote kumi na tano zimechunguzwa. Kwa kipimo hicho uwezekano wa jozi hiyohiyo unakuwa kama 0.33, na nyota inaondoka.

Kwa hiyo ulinganishi uchaguliwe na uandikwe kabla takwimu hazijafunguliwa. Huu ni utaratibu wa tangu zamani. R. A. Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, alijenga sehemu kubwa ya njia hizi kwa ajili ya majaribio ya mashamba na mbolea. Mwenye jaribio la shamba hupanga anachotaka kulinganisha kabla ya kupanda, maana baada ya mavuno amechelewa.

Tulivyorekebisha

Tulirudi ofisini, tukalifanya kundi la wasiopata kuwa msingi, tukachapa upya. Mstari wa "Mbegu" ukaonekana. Haukuwa wa kufurahisha kama tulivyotarajia. Waliopata mbegu peke yake walikuwa wamewazidi kidogo tu waliokuwa wakisubiri, ilhali waliopata mbegu pamoja na mafunzo walikuwa wamewaacha mbali. Tulipoirudisha taarifa kwa kamati, mama mweka hazina aliisoma kimya, kisha akauliza kwa nini tuendelee kugawa mbegu bila mafunzo. Lilikuwa swali gumu kwetu, kwa kuwa mafunzo ndiyo yenye gharama. Lakini lilikuwa swali sahihi, na jibu lake lilikuwamo katika takwimu zetu tangu siku ya kwanza. Sisi tulikuwa tumelifunika kwa herufi za alfabeti.

Kwa hiyo, ndugu wajumbe wa kamati na ndugu wafadhili, mnapopokea jedwali la ulinganishi kutoka kwetu au kwa shirika lingine lolote, tunawaomba muulize maswali haya:

1. Kundi la msingi ni lipi, na limechaguliwa kwa sababu gani?
2. Makundi yote yaliyoshiriki yameonekana katika taarifa, pamoja na lile lisilo na mstari?
3. Wastani wa kila kundi na idadi ya watu wake vimeandikwa, ili tuweze kutoa na kujumlisha wenyewe?
4. Mstari huu unasema juu ya watu wote au sehemu yao tu?
5. Ulinganishi huu ulipangwa kabla ya takwimu kufunguliwa, au baada?

Hakuna hata swali moja kati ya haya linalohitaji kompyuta. Mtaalamu atakayeshindwa kuyajibu kwa Kiswahili cha kawaida, basi taarifa yake haijawa tayari. Nasi tangu mwaka ule kila jedwali tunalowaletea lina sentensi moja juu yake inayotaja kundi la msingi kwa jina. Mkiona haipo, turudishieni taarifa.